Klachi ya Motokaa, na Sababu za Kuisha Kabla ya Wakati Wake

Habari ya motokaa si habari ya watu wa mjini peke yao. Mihogo, ndizi, mchele na mafuta ya mawese yanayoliwa Mangobo na katika mitaa mingine ya Kisangani hayakuota sokoni. Yametoka katika mashamba yaliyo kando ya njia ya Buta, ya Bafwasende na ya Lubutu, na ng'ambo ya mto, huko Lubunga na mbele yake. Mengine huja kwa mtumbwi, mengine kwa baiskeli na pikipiki, na mengine kwa motokaa. Nayo motokaa hiyo mara nyingi ni kuukuu. Imetumika miaka mingi katika nchi nyingine kabla ya kufika huku, na gia zake hubadilishwa kwa mkono. Ikiharibika njiani, hasara si ya mwenyewe tu. Muhogo mbichi ukisha kung'olewa huanza kuharibika ndani ya siku 2 au 3. Ukiupasua utaona mistari myeusi ndani yake, na mnunuzi akiiona atapunguza bei au atakwenda zake. Ndizi huiva zote pamoja. Naye mgonjwa anayepelekwa hospitali hawezi kungoja kipuli kitoke mjini.

Katika maradhi yote ya motokaa tumechagua klachi, maana huuawa na miguu na mikono ya watu kuliko kuuawa na uzee. Mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita ambreyaji. Kitu ni kile kile. Klachi ya motokaa ndogo ikitumiwa kwa akili huweza kwenda zaidi ya kilomita 100,000. Ikitumiwa vibaya huweza kuungua mchana mmoja katika shimo moja la tope.

Tumfikiri mtu mmoja wa Mangobo. Hatumpi jina, maana watu wa namna yake ni wengi. Alichimba almasi upande wa Banalia, akapata fedha kidogo, akanunua pikipiki, na baadaye akauza pikipiki akanunua pikapu kuukuu ya kuchukua mizigo. Baada ya miezi michache klachi ikaisha. Akatia mpya, nayo ikaisha upesi kuliko ile ya kwanza. Akasema, "Vipuli vya siku hizi ni vya bandia." Neno hilo lina kweli ndani yake, kwa kuwa vipuli vibaya viko sokoni, lakini halikutosha. Mkulima ambaye mgomba wake umekufa kwa ugonjwa, akipanda mche mwingine katika shimo lile lile bila kuondoa ugonjwa, atavuna nini? Kwanza yapasa kujua kilichoua.

Basi klachi ni nini? Injini ikisha kuwaka huzunguka wakati wote, hata motokaa ikiwa imesimama. Magurudumu lazima yaweze kusimama bila kuizima injini, na lazima yaweze kuanza kwenda polepole, si kwa kuruka. Kwa hiyo kati ya injini na sanduku la gia pametiwa kitu cha kushika na kuachia. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma lililosuguliwa likawa laini. Mbele ya gurudumu hilo kuna diski, yaani sahani nyembamba iliyovikwa pande zote mbili kitu kigumu cha kukwaruza. Nyuma ya diski kuna sahani nyingine ya chuma yenye springi kali, nayo huikandamiza diski juu ya gurudumu zito. Hapo vitatu hivyo huzunguka kama kitu kimoja, na nguvu ya injini hufika magurudumuni. Dereva akikanyaga kanyagio la kushoto, beringi husukuma springi, sahani hurudi nyuma kidogo, na diski huwa huru.

Wewe mkulima unalijua jambo hili mkononi mwako. Shika mpini wa jembe kwa nguvu ulime siku nzima: kiganja chako kitachoka, lakini hakitachubuka sana. Ushike kwa ulegevu, mpini uteleze ndani ya kiganja kila unapopiga, na kabla ya saa nne utakuwa na malengelenge. Klachi nayo haiishi inaposhika, wala haiishi inapoachia. Huisha inapoteleza, maana kuteleza huzaa joto, na joto hula kile kitu kilichoivika diski. Likizidi, diski hungua na kuwa ngumu kama kioo, springi hupoteza ukali wake, na gurudumu zito hupata alama za buluu na nyufa ndogo.

Kuteleza kidogo hakuna budi. Kila unapoondoa motokaa klachi huteleza kwa muda mfupi, sekunde moja au mbili, ndipo hushika. Hiyo ni kazi yake. Kosa ni kuifanya iteleze muda mrefu, au mara nyingi pasipo haja, au chini ya mzigo usio wake.

Sasa turudi kwa mtu wetu. Kosa lake la kwanza lilitoka katika pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi ina sahani nyembamba kadha wa kadha, nazo zimelala ndani ya mafuta ya injini. Zikiteleza, mafuta huzipoza. Kwa hiyo mwendesha pikipiki huzoea kuishika klachi nusu nusu katika tope na katika msongamano wa watu, wala haoni dhara upesi. Lakini klachi ya motokaa ni kavu, na diski yake ni moja. Hapana mafuta ya kuipoza, hapana ila hewa ndani ya sanduku lililofungwa. Desturi ya pikipiki ikihamishiwa motokaani ni mauaji. Hatusemi ya kuwa dereva aliyetoka katika pikipiki ni mbaya, bali imempasa kujifunza tena mguu wake wa kushoto.

Mguu huo usikae juu ya kanyagio wakati motokaa inakwenda. Dereva husema, "Nauweka tu, sikanyagi." Lakini mguu una uzito, na barabara yenye mashimo huutikisa. Kila unapotikisika springi hulegea kidogo na diski huteleza kidogo. Na hata isipoteleza, ile beringi huzunguka bila kupumzika mpaka ianze kulia. Ukisha kutia gia, weka mguu sakafuni.

Tena katika kilima. Motokaa itokayo kivukoni hupanda ukingo wa mto. Mbele yake pana magari mengine, watu, mbuzi na mizigo, nayo husimama mara kwa mara kabla ya kufika juu. Dereva mvivu haivuti breki ya mkono. Huizuia motokaa isirudi nyuma kwa kushika klachi nusu na kukanyaga mafuta, motokaa yaning'inia pale pale, haiendi mbele wala nyuma, na watu husema, "Huyu ni dereva kweli kweli!" Kumbe katika dakika hizo anaiunguza klachi kuliko safari ya siku nzima katika barabara kavu. Imempasa kuvuta breki ya mkono, kutoa gia na kungoja. Njia ikifunguka atie gia ya kwanza, aachie klachi mpaka aone motokaa inataka kwenda, ndipo aachie breki. Lakini breki za mkono za motokaa nyingi za huku hazishiki. Mwenye motokaa huona ni kitu kidogo, hataki kuitengeneza, halafu hulipa bei yake katika klachi. Hata jiwe au gogo nyuma ya gurudumu, likishikwa na mtu mwangalifu anayesimama kando, ni rahisi kuliko diski.

Kuna wengine huondoka kwa gia ya pili kwa kuwa ya kwanza imekuwa ngumu kuingia, au kwa haraka. Gia ya kwanza ndiyo yenye nguvu ya kuondoa mzigo. Ya pili nguvu yake ni karibu nusu ya ile. Ukiondoka kwa ya pili, klachi lazima iteleze muda mrefu zaidi kabla motokaa haijafikia mwendo wa injini, na joto lake laweza kuwa mara tatu ya lile la gia ya kwanza. Gia ya kwanza ikiwa ngumu, ponya gia.

Lakini mwuaji mkubwa katika nchi hii ni tope. Huku Kisangani mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka. Hata katika miezi ya upungufu, kama Januari na Februari, barabara haiwezi kuaminiwa. Udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni juu na kama gundi chini. Gurudumu likizama, dereva hukanyaga mafuta mpaka injini inalia, hushika klachi nusu, huenda mbele, hurudi nyuma, mbele, nyuma, robo saa nzima. Moshi ukitokea chini na harufu kama ya nguo inayoungua, watu hudhani ni matairi. Mara nyingi ni klachi. Mara hiyo yapasa kuacha. Zima injini, acha klachi ipoe nusu saa au zaidi, na katika muda huo fanyeni kazi ya jembe: chimbeni mbele ya magurudumu, toeni maji, tieni matawi, mbao au mawe, mshushe mizigo. Halafu ondokeni mara moja, kwa gia ya kwanza, klachi ikiwa imeachiwa kabisa. Motokaa ikikataa, chimbeni tena. Nusu saa ya jembe haigharimu kitu ila jasho.

Sasa habari ya mizigo, na hapa tunasema na ninyi wa vijijini hasa, maana mzigo ni wenu. Pikapu ya tani 1 imetengenezwa ichukue kilo 1,000, pamoja na watu. Tuhesabu. Pipa la lita 200 likijaa mafuta ya mawese lina mafuta ya kilo 180 hivi, na chuma chake chapita kilo 15. Tuseme kilo 200 kwa kukadiria. Mapipa 5 yametimiza tani. Lakini mtu wetu wa Mangobo alipakia mapipa 5, akaongeza magunia 6 ya mchele ya kilo 100 kila moja, na juu ya magunia wakaketi watu 8. Watu 8 ni karibu kilo 500. Jumla ni kilo 2,100, yaani zaidi ya mara mbili ya haki yake, wala hatujahesabu kuku na masufuria.

Klachi haijui kuhesabu, lakini huona uzito. Motokaa ikiwa nzito zaidi huchukua muda mrefu zaidi kuondoka, na muda wote huo diski inateleza. Katika kilima uzito huo huivuta nyuma pia. Ikiwa springi zake zimekwisha kulegea, huteleza hata baada ya kuachiwa, na hapo hakuna dereva mwenye mguu mzuri awezaye kuiokoa. Tena mzigo mzito huzamisha magurudumu katika tope ambalo mzigo wa haki ungevuka. Makosa mawili hukutana mahali pamoja.

Twajua mtakavyojibu. Motokaa hupita mara moja kwa juma, na mwenye mzigo akiukosa nafasi humwozea. Mwenye motokaa naye hutaka fedha ya safari moja izidi. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mwenye motokaa akinunua klachi nne ambapo moja ingetosha, mwajua atakapoitoa fedha hiyo: katika nauli yenu, na katika bei anayowapa kwa gunia. Kama wakulima wa vijiji viwili vitatu wakipatana siku ya kuvuna na siku ya kupakia, waweza kumpa dereva safari mbili za tani moja moja badala ya moja ya tani mbili. Mihogo hasa yafaa ibaki ardhini mpaka motokaa imekwisha kuonekana, kwa kuwa ardhini hukaa salama na juu yake haikai.

Yako makosa ya fundi pia. Mtu wetu alipotia klachi ya pili alimwambia fundi, "Badili diski tu, fedha ni kidogo." Fundi akabadili diski. Akaacha sahani ya zamani yenye springi zilizochoka kwa joto, akaacha beringi iliyokwisha kulia, wala hakulitazama gurudumu zito, ambalo lilikuwa limeliwa na kupata mifereji. Diski mpya ikawekwa kati ya vitu viwili vibovu. Ilishika kwa shida tangu siku ya kwanza. Kazi kubwa katika kubadili klachi ni kushusha sanduku la gia. Ukisha kulishusha, diski, sahani yake na beringi vitiwe vipya pamoja, na gurudumu zito likwaruzwe au lisawazishwe kwa mashine likiwa na alama. Atakayeacha kimoja atalishusha sanduku tena upesi.

Fundi atazame mafuta vilevile. Nyuma ya injini kuna sili izuiayo mafuta yasitoke. Ikichakaa, mafuta huvuja juu ya diski, nayo huteleza kama mkono uliopakwa mawese. Diski iliyonywa mafuta haiponi kwa kupanguswa. Ukiona mafuta yanadondoka mahali injini na sanduku la gia vinapokutana, jua ya kuwa klachi iko hatarini, na sili hiyo ibadilishwe pamoja na diski, si baadaye.

Na kuna ulegevu wa kanyagio. Katika motokaa nyingi za zamani, hasa zile ambazo klachi yake huvutwa kwa waya, kanyagio likibonyezwa kwa kidole hushuka kidogo bila uzito kabla ya kuanza kuwa gumu. Ulegevu huo ni wa lazima. Kipimo chake kimeandikwa katika kitabu cha motokaa, na mara nyingi ni kama upana wa kidole kimoja au zaidi kidogo. Diski ikiendelea kuliwa, ulegevu hupungua. Ukiisha kabisa, klachi huwa kama imekanyagwa siku zote, na diski hungua ingawa dereva hana kosa. Kuirudisha ni kazi ya spana mbili na robo saa, lakini huachwa kwa kuwa hakuna aliyeambiwa. Dereva alipime kanyagio kwa kidole kila juma. Motokaa zinazotumia maji ya klachi mara nyingi hujirekebisha zenyewe. Humo yapasa kutazama maji yasipungue.

Neno moja la kuwalinda mafundi. Diski nyingi za zamani zilivikwa asbesto, na vumbi lake likivutwa mapafuni huweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Katika nchi za Jumuiya ya Ulaya kitu hicho kimekatazwa tangu mwaka 2005, lakini motokaa kuukuu na vipuli vyake huzunguka duniani. Vumbi lililo ndani ya klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe mbali na watoto.

Utaijuaje klachi inayokwisha? Dalili ya kwanza hutokea katika kilima motokaa ikiwa na mzigo: dereva anakanyaga mafuta, injini inalia kwa nguvu zaidi, lakini mwendo hauongezeki. Baadaye huja harufu. Abiria aliyeketi mbele aweza kuisikia kabla ya dereva, kwa kuwa dereva huizoea. Kuna jaribio la kuhakikisha. Mahali pa sawa, pasipo na mtu mbele ya motokaa, vuta breki ya mkono na kanyaga breki ya mguu. Tia gia ya tatu injini ikiwaka, halafu achia klachi polepole. Injini ikizimika mara moja, klachi ingali inashika. Ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kitu, diski inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, maana lenyewe hula klachi. Lakini kama gia hukwaruza na kukataa kuingia hata kanyagio likiwa chini kabisa, huo ni ugonjwa mwingine, klachi haiachii; tazameni waya, maji na ulegevu kabla ya kununua diski.

Ikianza kuteleza mbali na mji, safari yaweza kumalizika kwa subira. Shusheni nusu ya mzigo katika kijiji cha karibu, mwuweke chini ya paa, mwandike hesabu yake mbele ya chifu. Motokaa iende kwa gia za chini bila kusukumwa sana, ipumzishwe baada ya kila kilima, nao watu washuke na kupanda kilima kwa miguu. Imekwisha kuonekana mara nyingi ya kuwa watu 8 wakishuka, motokaa iliyokataa hupanda.

Na kijiji kina kazi yake kabla ya motokaa kufika. Shimo la tope huanza kwa maji yaliyokosa njia. Mfereji wa kina cha goti kando ya barabara, ukisafishwa majani kila mwezi, na mkato wa kuyapeleka maji msituni, huokoa klachi nyingi kuliko fundi yeyote wa Mangobo. Mahali pa kupakia pawe pa sawa, juu ya kilima au mbali na kilima. Vijiji vingi vimeweka kituo chao katikati ya mteremko, kwa sababu duka la kwanza lilijengwa hapo. Dereva husimama hapo akiwa na tani moja, huongezewa magunia, halafu huondoka akipanda. Kukihamisha kituo hicho hatua 200 mpaka penye usawa hakuhitaji fedha, isipokuwa mwenye duka atanung'unika.

Mtu wetu wa Mangobo alipotia klachi ya tatu alitengeneza breki ya mkono kwanza. Halafu akachora mstari mweupe kwa rangi ubavuni mwa pikapu yake, ndani ya kitanda, kuonyesha mahali magunia yanapoishia mapipa 3 yakiwa ndani.